Salamu za Lugha Tatu

Kila Alhamisi, kipindi cha mwisho kikiisha, Biubwa alikimbilia chumba cha kompyuta kabla mvua ya Tukuyu haijamkuta uwanjani. Kompyuta zilikuwa mbili tu, na waliozitaka hawahesabiki. Ndiyo maana Mwalimu Agness aliweka sharti: kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kila mwanaklabu wa kompyuta awe ameandika programu ya kujumlisha mvua iliyopimwa shuleni. Atakayeshindwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Alhamisi ya kuamkia siku hiyo, Biubwa hakuwa na hata mstari mmoja. Si mvivu, la! Alianza na Python, mojawapo ya lugha za kuiamuru kompyuta. Binamu yake Zubery akapiga simu kutoka Mbeya: wajanja wote wako JavaScript. Akahamia huko. Kisha akasikia michezo huandikwa kwa Lua, akahama tena. Mwezi ukaisha, na katika lugha zote tatu alijua kuiambia kompyuta iandike "Habari!" tu. Ni kama Kinyakyusa chake cha dukani kwa mama yake: akishamsalimia mteja "Mugonile" na bibi wa watu akaendelea na mazungumzo, yeye hubaki kukodoa macho.

Machozi yakamlenga. "Obed, nipe yako ninakili. Kesho natolewa mwenzio!"

"Na mwalimu akikuuliza mstari wa tatu unafanya nini?" aliuliza Obed, mwanafunzi mwenzake.

Biubwa akaenda mezani kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Sijui kitu. Nimehamahama tu. Naomba uniambie lugha ipi ni bora."

"Marahaba. Obed anatumia ipi?"

"Python."

"Basi shika hiyo. Siyo kwamba inazishinda nyingine, ila ukikwama una wa kumwuliza. Lakini siku sikuongezei."

Jioni hiyo Obed alimwelekeza mpaka chumba kikafungwa. Kesho yake Biubwa akakaa kwenye kompyuta. Akaingiza mvua ya Jumatatu, milimita 12, na ya Jumanne, 30. Kompyuta ikajibu: 1230.

Obed akacheka. "Milimita zote hizo kwa siku mbili? Hata Tukuyu tungeshasombwa!"

Zilibaki dakika kumi mwalimu aanze kukagua. Biubwa alikata tamaa kabisa, akatamani kufuta yote aanze lugha nyingine. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Akakirudisha. Akaikazia macho ile 1230 mpaka akaelewa: kompyuta haikujumlisha, ilibandika 12 mbele ya 30 kama maneno.

"Obed, naiambiaje kwamba hizi ni namba?"

Obed akamtajia neno moja fupi. Biubwa akaliandika, akabonyeza. 42.

"Mwalimu!" aliita, machozi yakimtoka.

Mwalimu Agness alimwuliza mstari kwa mstari, naye akajibu yote.

"Nafasi ni yako," alisema mwalimu. "Jana nilikusikia ukiomba kunakili; ungeniletea ya Obed, ungetoka leo hii. Lakini wenzako wamekutangulia mwezi mzima, na mwezi haurudi. Mchagua jembe si mkulima, Biubwa. Majembe yote matatu yalikuwa yanalima. Mlimaji ndiye hakuwepo."