Asubuhi ya Kambakoche

Haya yalimpata rafiki yangu Hendrina, kule Lüderitz. Upepo wa kusini ulikuwa umeyasukuma maji ya juu mbali na pwani, yale ya kilindini yenye hewa haba yakapanda na baridi na uvundo wake, na kambakoche wakatambaa nchi kavu kutafuta hewa. Hendrina, mjane wa Dawid aliyezama msimu uliopita, akaenda na wifi yake Katrina kuwaokota kwenye ukungu.

Akiwa ameinama, alisikia mtu akihema mgongoni pake.

“Wifi, acha mzaha!”

“Mzaha gani? Mie niko huku miambani!” Katrina alijibu kwa mbali.

Hendrina akageuka. Hapakuwa na mtu. Nyayo za miguu mitupu zilitoka baharini, zikakomea nyuma yake. Akagusa maji yaliyotuama ndani ya unyayo mmoja. Yalikuwa vuguvugu.