Jina Atakalompa Mama

"Ikifika jioni nitakuwa kaka yako," Curtis alisema.

Nilikuwa juu ya ngazi nafunga taa ya mwisho ya jukwaa. Nusura niiangushe.

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Mama yako atanipa jina mbele ya watu kabla onyesho halijaanza. Na hao watu tangu asubuhi wananiitaje?"

Nilikuwa nimewasikia. Mwana wa Nakamarra, yaani wa mama yangu, ndivyo walivyokuwa wanamwita, tena kwa furaha.

Curtis alikulia Adelaide. Bibi yake alichukuliwa na serikali akiwa mtoto mdogo, akapelekwa mbali na watu wake, akafa bila kujua ukoo wake. Mjukuu naye akarudi kwetu Warlpiri, wenyeji wa asili wa jangwa la Australia, mikono mitupu, bila jina la ukoo. Na kwetu jina la ukoo ndilo linalopanga nani ni dada yako, nani mkeo, nani mkweo. Mama akimfanya mwanawe, Curtis atakuwa Jungarrayi. Mimi ni Nungarrayi, jina hilohilo kwa mwanamke. Hapo ni ndugu, basi, na mambo yetu ya siri yanakuwa aibu ya kufukuzwa nayo mjini.

"Mwambie unanipenda," nilisema.

"Nikimwambia akakubali, si anakuwa mkwe wangu?"

Nikashuka ngazi polepole. Hilo nalo nilikuwa nalikwepa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani, hawatazamani, hawakai chumba kimoja, mpaka mmoja wao azikwe.

"Nikinyamaza nakukosa wewe," alisema. "Nikisema namkosa yeye. Na mwezi ujao tunapeleka onyesho Brisbane! Nitamuuliza nani?"

"Kwa hiyo unatupima kwenye mizani, mimi na mwalimu wako?"

"Naogopa, Shanelle! Wewe huogopi?"

Niliogopa pia. Mama yangu, Lorna Nakamarra, ndiye aliyemfundisha Curtis kazi ya utayarishaji wa maonyesho kuanzia sifuri: kutafuta ukumbi, kukaa na wazee wachague ngoma ipi wageni waione na ipi wasiione, kubishana na wakubwa bila kupandisha sauti. Curtis hakuwahi kuwa na mtu wa kumkaripia kwa upendo. Mama alimkaripia kila siku, naye alinenepa kwa hilo.

Nilimkuta Mama nyuma ya ukumbi, anageuza mkia wa kangaruu kwenye majivu.

"Mama, nina jambo. Ni kuhusu Curtis."

"Usiniambie."

"Hujui hata ni nini."

"Nimesema usiniambie! Nikilisikia sasa hivi, kazi yangu na huyu kijana imekwisha hapahapa. Niitie aje."

Nikamwita. Alikuja kama mtu anayeitwa kituo cha polisi.

"Kaa," Mama alimwambia. "Sikiliza vizuri, sirudii. Wazee wakinyamaza kwenye kikao, hawajakubali. Wasubiri."

"Najua, Shangazi," alisema, kama vijana wote wanavyomwita kwa heshima.

"Mwenye ukumbi akitaka ngoma ifupishwe, utamjibu nini?"

"Simjibu. Namrudia mwenye ngoma."

"Na safarini nani anakula kwanza?"

"Wacheza ngoma. Shangazi, haya yote umeshaniambia."

"Nakuambia tena! Una haraka ya kwenda wapi?"

"Unaumwa?" Curtis aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kula," Mama alisema, akamkatia kipande chenye mafuta mengi.

Curtis alikipokea na kunipa mimi bila kufikiri, kama anavyofanya siku zote. Mama aliona. Aligeukia moto akaanza kuchokoa majivu.

Nilipokuwa nimerudi kwenye mitambo yangu ya taa, simu ikalia: ujumbe wa Curtis.

*Anaaga. Ama anaumwa, ama ananifukuza.*

Nikaandika: *Au amejua.*

*Basi nimekwisha. Atanifanya mwanawe ili anitenge na wewe.*

*Kimbia basi, usipokee jina.*

*Nikimkimbia mbele ya watu wote nitamuua.*

Nikaweka simu mfukoni. Watu walishaanza kufika, akina mama na mablanketi yao, watoto na chipsi zao, mbwa wasioalikwa. Jua lilikuwa limeshagusa milima ya Alice Springs. Mama akasimama mbele ya jukwaa na kipaza sauti, wazee wakiwa wamekaa upande wake wa kulia. Curtis alisimama kando yake, rangi imemtoka.

"Onyesho hili mimi sikulitayarisha," Mama alisema. "Amelitayarisha huyu. Mimi nilikuwa napiga kelele tu."

Watu wakacheka.

"Mwana wa Nakamarra!" mtu alipaza sauti.

"Hapana," Mama alisema. "Huyu si mwanangu."

Kicheko kikakatika. Nilimwona Curtis akiinamisha kichwa, nikashika meza ya mitambo kwa mikono miwili.

"Nimeongea na wazee. Anakuja kwetu kama Jangala."

Watu wakapiga hesabu vichwani. Kisha akina mama wakaanza kupiga makofi na kunigeukia mimi, wanasukumana, wanacheka mpaka machozi. Jangala anamuoa nani? Nungarrayi. Hata mbwa walijua.

Nami sikucheka, kwa sababu nilikuwa namtazama Mama. Aliweka kipaza sauti chini. Alimwangalia Curtis usoni, mara moja, kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Halafu akavuta kitambaa chake kikafunika shavu, akampa mgongo, akaenda kukaa ng'ambo ya meza yangu, uso ameuelekeza jangwani.

Curtis alikuja mbio, kifaa cha mawasiliano kikining'inia shingoni. Saa ya kuanza ilikuwa imefika na wacheza ngoma walikuwa wanamsubiri. Akafanya alichozoea kufanya kila onyesho.

"Shangazi, tuanz—"

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yakajaa. Nadhani ndipo alipoelewa alichopewa na alichonyang'anywa. Alisogea nyuma yangu, nikawa ukuta kati yao.

"Nungarrayi," Mama alisema, bado ametazama jangwa. "Mlidhani sioni mkia wangu wa kangaruu unakoishia? Mwambie mtu huyo nilimfundisha harakaharaka kwa sababu siku za kusema naye zilikuwa zinaniishia. Mwambie asiulize tena kama aanze. Anajua mwenyewe."

Curtis alikuwa amesimama hatua chache tu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama amesema unajua mwenyewe," nilimwambia.

Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Mwambie mama yako nimesikia," alisema. Kisha, kwa sauti ileile ya Mama, sauti ya kukaripia: "Taa, Shanelle! Unasubiri nini?"

Mabega ya Mama yakatikisika. Nikawasha taa.