Shika Hapo Hapo

Alama ya kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini, ilikuwa imerudi nyuma jino moja. Thuo, fundi wa gereji mjini Kitale, aliitazama asiamini, kwa kuwa alikuwa ameilinganisha na alama ya krenki, mhimili mkuu, kabla ya kwenda kunawa mikono, na hakuna aliyeigusa.

"Ni yeye," alisema Wabwile, mwenye pikapu, mfanyabiashara wa Chwele. "Tangu niubebe mwili wa ndugu yangu Wamalwa kwenda kuzikwa kule Malakisi, gari inakataa. Mama alisema niite jina lake kila tukifika mto, nimwambie tunavuka. Mimi nikasema ati hayo ni ya wazee."

"Wafu hawafungui nati, bana."

"Cheka tu. Kesho watoto wangu wanapanda hii."

Thuo akalala chini ya injini, akaanza upya. Kuzishika krenki na kamshafti kwa pamoja kulimshinda peke yake. Kisha, upande wa pili, mkono imara ukaikamata spana ya kamshafti.

"Shika hapo hapo, Kiptum," alimwambia fundi mwenzake. "Usiachilie mpaka nikwambie."

Spana ikatulia kabisa, hata ikamshangaza, kwa maana mikono ya Kiptum hutetemeka, na alipokuwa akivalisha mnyororo wa kuziunganisha alisikia harufu ya majani mabichi ya tumbaku ikishuka polepole usoni pake, nzito, yenye joto kama pumzi ya mtu aliyeinama kutazama kazi.

Lango likalia. Kiptum aliingia na chupa ya chai.

"Thuo, unaongea na nani?"

Wabwile alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Wamalwa alikuwa mkulima wa tumbaku," alinong'ona.

Thuo akaizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kama ilivyo desturi ya kazi. Alama zikabaki mahali pake. Injini ikawaka kwa sauti safi.

Kesho yake, Thuo akiwa mezani na mkewe, Wabwile alimpigia simu.

"Fundi, watoto wamefika salama! Nimemwita kila tulipovuka mto. Ile harufu ya tumbaku haimo tena garini. Nafikiri alishuka huko kwenu."

Thuo aliishika simu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala kando ya sahani tangu alipoketi, haunyanyuki, kifundo chake kimezungukwa na kitu baridi, imara, kisichotetemeka.

"Mbona huli?" aliuliza mkewe. "Na nani amevuta tumbaku humu?"

"Achilia," Thuo alinong'ona. "Basi. Nimekwambia, achilia."

Vidole vikakaza zaidi, kama vya mtu aonaye kuwa kazi bado.