Chupa ya Pili ya Neema

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Nyamianda hapa Uvira, nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Naandika haya nikiwa na hasira, na bado sijui nianze kumkasirikia nani...

Mwaka jana binti yangu Neema, akiwa na miaka mitatu, alikohoa wiki tano. Kikohozi cha makohozi, kifua kinakoroma hata akiwa anacheza! Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akamsikiliza mgongoni, akanipa chupa mbili za siro ya antibiotiki, wiki moja kila chupa. Akanisisitizia nimalize zote mbili, hata kikohozi kikiisha mapema. Nikaitikia vizuri sana.

Siku ya tano Neema hakukohoa tena. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye uwanja mmoja, akaja.

"Mama Neema, mutoto ashapona, unamunywesha dawa ya nini tena? Leta iyo chupa ingine, miye nitawekea wengine."

Kwetu dawa inayobaki huwekwa kwenye sanduku la mama mkwe, na mwenye mgonjwa huenda kumwomba. Kumnyima ni kumtukana. Nikampa... kwa mikono yangu hii miwili!

Baada ya wiki mbili kikohozi kikarudi, kikali kuliko kwanza. Nikaenda kuomba chupa yangu. Akanicheka!

"Iko kilimi hiyo! Dawa ya kizungu haiponyeshake kilimi."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wengi hapa wanaamini ndicho kinacholeta kikohozi, basi wanakikata. Nilikataa kabisa. Akaondoka, nami nikadhani yameisha. Kesho yake nikamwachia mtoto kama kawaida, nikaenda sokoni.

Akampeleka Nyakabere kwa mama mmoja anayekata! Niliporudi nguo ya Neema ilikuwa na damu, na hata mate hawezi kumeza. Na mume wangu? Alijua! Ndiye aliyewaitia pikipiki!

Tulilala hospitali wiki tatu. Daktari alisema ugonjwa wa kifuani haukuwahi kuisha, ulikatiwa dawa njiani, na sasa pafu moja limeharibika. Kukata kilimi kulimwongezea mateso tu.

Neema yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini watoto wakikimbia kwenda ziwani, yeye anasimama katikati ya njia, mkono kifuani. "Mama, uningoje," ananiambia. Mtoto wa miaka minne sasa!

Juzi nilifungua lile sanduku mwenyewe. Chupa ya pili ilikuwemo. Haijafunguliwa! Hakuna mtoto hata mmoja aliyeinywa. Nikaiweka mezani mbele ya mama mkwe na mwanawe.

Wamama wenzangu, malizeni dawa ya mtoto! Kikohozi kikirudi, rudini kwa muuguzi, msiende kwa mwenye wembe. Mkigombana na ukoo mzima, gombaneni! Mimi niliogopa kuitwa mkwe asiye na heshima. Basi heshima ninayo, nyumba nzima inanisifu... na mwanangu hana pumzi.