Udongo wa Korongoni

Picha ilikataa kukauka. Mchoraji aliipaka udongo Jumatatu, na hadi Alhamisi, pamoja na jua lote lililoingia dirishani, bado ilikuwa mbichi na inanukia mvua.

Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Kwa miaka ishirini alichimba udongo mwekundu, mweupe na mweusi, akauchekecha, akauchanganya na gundi ya miti, kisha akachora milima na mabonde kwa vidole juu ya mbao. Tangu mumewe afariki alikuwa peke yake, na siku nyingine jioni ilimkuta hajatamka neno. Udongo huu aliutoa korongoni, mahali ambapo wachunga mbuzi walimwambia hawapiti.

Ijumaa aliona kwenye picha njia ambayo hakuichora. Jumamosi njia ile ilikuwa na nyayo. Aliposogea kuzitazama akasikia pumzi nyuma ya ubao, pumzi nzito ya mtu aliyetoka mbali, akataka kukimbia, lakini harufu ya mvua ikamjaa mpaka kooni, na ndani ya harufu hiyo sauti ya chini, ya taratibu, ikamuuliza kama ameshakula.

Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza hivyo. Akajibu.

Wiki mbili baadaye dada yake mkubwa alimkuta amekonda, anazungumza na ubao. Hakumgombeza. Alikwenda kumleta mganga, mama mmoja wa maneno machache, ambaye aligusa picha, akanusa kidole, akasema huyu ni jini wa korongo. Hana ugomvi na mtu, ila anayekaa naye hugeuka udongo kidogo kidogo.

"Kumtoa nitamtoa," alisema, "lakini aliyemkaribisha ndiye amwambie aende."

Dada alimshika mkono, akahisi ngozi inakwaruza kama ukuta.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "mwambie."

"Nenda," mchoraji akasema, machozi yakimtoka.

Mganga akasoma dua. Picha ikapasuka, ikamwagika vumbi, wakalirudisha korongoni siku hiyohiyo.

Dada akamchukua kwake. Kesho yake asubuhi mume wa dada, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alimletea chai chumbani, vikombe viwili.

"Shemeji," aliuliza kwa adabu, akitazama kitanda, "mwenzako anatumia sukari?"

"Hatumii," mchoraji akasema, akavipokea vyote viwili.