Mwanafunzi Aliyenyoa Ndevu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Abigaël alimsaidia mama yake kuanika ndakala kwenye mchanga nyuma ya nyumba. Mama Agathe alimwaga samaki hao wadogo kutoka kwenye beseni, na Abigaël akawatandaza kwa mikono miwili ili wasilaliane. Kazi ilipokwisha, alitoa mfukoni kipande kidogo cha chuma, akakibana kwenye midomo na kupuliza. Kilikuwa kipande cha tarumbeta, pale ambapo mpigaji huweka midomo. Tarumbeta lenyewe lilibaki shuleni, lakini Prof Alphonse, mwalimu wa muziki, aliwaruhusu wanafunzi kwenda na kipande hicho nyumbani ili wazoeze midomo yao.

Sauti yake ilikuwa kama ya bata aliyekanyagwa. Kunguru waliokuja kuiba samaki waliruka juu kwa woga.

"Endelea tu, mwanangu," alisema Mama Agathe akicheka. "Siku hizi sitafuti tena fimbo ya kufukuza ndege. Niko na weye."

Abigaël alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma mwaka wa nane katika Institut Lutumba, shule ya serikali iliyokuwa pembezoni mwa Kalemie, mahali ambapo nyumba zinakwisha na mashamba ya mihogo yanaanza. Madirisha mengi ya shule hiyo hayakuwa na vioo. Mvua iliponyesha, wanafunzi walifika na viatu mkononi, na watoto wa shule za katikati ya mji waliwaita Watu wa Matope. Hata hivyo, kila mwaka wengi wao walifaulu mtihani wa serikali, na katika hesabu hakuna aliyewachezea. Tena walikuwa na fanfari, bendi ya matarumbeta na ngoma. Matarumbeta yake yalikuwa ya zamani, yamefungwa hapa na pale kwa mpira wa baiskeli. Ngoma kubwa ilibebwa mgongoni na mtoto mmoja, na mwingine aliipiga kutoka nyuma. Lakini fanfari hiyo ilipopita barabarani, wanawake waliacha sufuria motoni wakatoka kuangalia.

Mwaka huu mashindano ya shule yalikuwa na zawadi ambayo haijawahi kutolewa. Shule itakayoshinda ingepanda boti na kwenda Moba, mji mwingine wa ziwani, kupiga mbele ya wanafunzi wa huko. Kulikuwa na sharti moja. Kila fanfari ikimaliza kupiga, mwamuzi angechagua mpigaji yeyote na kumuuliza swali la darasani, na jibu lingehesabiwa pamoja na muziki. Sharti hilo liliwekwa kwa sababu shule nyingine zilikuwa zikiazima wapigaji wa kanisani, watu wazima, na kuwavalisha shati jeupe na suruali ya bluu kama wanafunzi.

Wiki chache kabla ya mashindano, Glody, aliyepiga tarumbeta la kwanza, alihamia Kabalo pamoja na wazazi wake. Abigaël alikuwa tarumbeta la pili. Alijua wimbo wote, lakini katikati yake kulikuwa na sehemu ndefu iliyopanda juu, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Kila alipofika hapo, sauti ilikatika. Précieuse, rafiki yake aliyepiga tarumbeta pia, aliweza kuifikia ile sauti ya juu kabisa, lakini pumzi yake ilikuwa fupi. Didier, aliyepiga ngoma kubwa, alipojaribu tarumbeta alikuwa na pumzi ndefu, lakini sauti ya juu hakuipata hata kidogo.

Siku moja baada ya masomo, Prof Alphonse aliingia katika chumba cha mazoezi akiwa na mtu nyuma yake. Mtu huyo alikuwa mrefu. Shati lake jeupe lilimbana mabegani, na suruali ya bluu iliishia juu ya vifundo vya miguu. Kidevu chake kilikuwa cheupe kuliko mashavu, kama cha mtu aliyenyoa ndevu asubuhi hiyo.

"Huyu njo Cyrille," alisema Prof Alphonse bila kuwaangalia sana. "Tangu leo iko mwanafunzi wa mwaka wa nane."

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Cyrille walimjua wote. Alikuwa mpigaji tarumbeta wa kanisani, na mchana aliendesha moto, pikipiki ya abiria.

"Papa Cyrille," aliuliza Didier, "watoto wako nao watakuja kusoma na siye?"

"Nyamaza!" alisema Prof Alphonse. "Munataka kwenda Moba ao hamutaki? Abigaël, weye unajua masomo vizuri. Kila jioni utamufundisha Cyrille majibu. Wakimuuliza jina, atasema Glody."

Abigaël aligeuka nyuma. Aliona wenzake wakitazamana kwa furaha. Cyrille alipopiga ile sehemu ya katikati, sauti ilipanda safi hadi juu, na kila mtu alijiona tayari kwenye boti.

Jioni hiyo walikaa wawili kwenye benchi. Cyrille alikuwa mtu mpole, na alijitahidi.

"Pembetatu iko na pembe ngapi?" aliuliza Abigaël.

"Tatu. Hiyo hata moto yangu inajua."

"Ukizijumlisha zote unapata nini?"

Cyrille alikuna kichwa. "Unapata pembetatu kubwa?"

Abigaël alicheka, na Cyrille naye akacheka. Kisha akakaa wima, akaweka mikono magotini kama mtoto, akaanza kujizoeza kwa sauti ndogo: "Miye ni Glody. Niko mwanafunzi wa Institut Lutumba. Miye ni Glody." Alisema hivyo mara nyingi, na kila mara macho yake yalitazama chini. Kicheko cha Abigaël kiliisha. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyemvalisha mtu mzima nguo fupi na kumpeleka sokoni.

Nyumbani alimweleza mama yake. Mama Agathe alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, pamoja na jirani katika kinu kimoja. Mchi mmoja ukishuka, mwingine unapanda, bila kugongana na bila kusimama.

"Usitafute vita na wakubwa, Abigaël," alisema mama huku akitwanga. "Prof anajua kazi yake."

"Lakini mama, Cyrille haiko mwanafunzi."

"Wote wanajua. Na wote wananyamaza."

"Njo ile inaniuma," alisema Abigaël.

Aliendelea kuitazama michi miwili. Jirani alipochoka aliinua mchi wake akapumua, na sauti ya kinu haikukatika, maana Mama Agathe alikuwa ameshapiga. Abigaël alisimama ghafla hata akaangusha kigoda.

Kesho yake, wapigaji walipokusanyika, Cyrille akiwa kati yao na nguo zake za shule, Abigaël alienda mbele. Akasimama akiwa ametanua miguu.

"Prof, sitamufundisha tena Papa Cyrille."

"Unasemaje?"

"Sitamufundisha. Na siku ya mashindano, mwamuzi akiniuliza huyu ni nani, nitasema jina lake la kweli. Sitamufuata mwamuzi kumwambia. Lakini akiniuliza, nitajibu."

Kelele zilianza. Didier aliruka kutoka kwenye ngoma aliyokuwa amekalia. "Muongo! Unataka kiti cha Glody! Tangu aende, unakiangalia kile kiti kama paka anaangalia ndakala!"

Wengine walicheka. Abigaël alihisi uso wake ukiwaka.

"Ndiyo, nakitaka," alisema. "Nani hapa hakitaki? Lakini kama munafikiri nasema juu ya kiti, basi kiti chukueni. Mupatie mwengine. Miye nitabeba ngoma kubwa mugongoni, na weye Didier utanipiga kutoka nyuma mupaka uchoke. Lakini mupatie muntu wa shule hii!"

Hakuna aliyecheka sasa. Kubeba ngoma kubwa ilikuwa kazi ambayo kila mtu aliikimbia.

"Abigaël," alisema Prof Alphonse kwa sauti ya ukali, "hakuna muntu wa shule hii anayeweza kupiga ile sehemu. Umeshindwa. Précieuse ameshindwa. Didier ameshindwa. Unataka twende kuchekwa?"

"Mumoja peke yake hawezi, Prof. Watatu wataweza." Kisha akaeleza kuhusu kinu. Didier aanze na kubeba sauti kwa pumzi yake ndefu. Kabla haijaisha, Précieuse aipokee na kuipandisha hadi juu. Précieuse anapoishiwa, Abigaël awe ameshaingia, aishushe. "Mumoja anapumua, mwengine anapiga. Kama mama zetu wanatwanga."

"Na ile sauti ya juu, weye huitaki?" aliuliza Didier.

"Ile njo ya Précieuse. Miye inanikatikia."

Aliyesema kwanza alikuwa Cyrille. Alianza kufungua vifungo vya shati jeupe, ndani akiwa na fulana yake.

"Prof, miye ulinibembeleza nikakubali. Lakini hata jana usiku mke wangu alinicheka mupaka akalia. Acha watoto wapige."

Mwalimu alilitazama shati lile, akawatazama watoto. Kisha akamwita Didier. "Shika tarumbeta. Ngoma atapiga mwengine. Tuanze."

Mwanzoni ilikuwa vibaya. Waligongana, wakapishana, wakaachana katikati. Précieuse alilia, Didier alitupa kofia chini. Lakini kila siku walirudia, na kidogo kidogo ile sehemu ikaanza kwenda kama kitu kimoja. Siku moja Mama Prefe Domitille, mkuu wa shule, alisimama dirishani akasikiliza. Prof Alphonse alimfuata hadi biroo, yaani ofisini kwake, akamweleza yote, pamoja na habari ya Cyrille. Watoto hawakusikia alichojibiwa, lakini waliporudi nyumbani walimwacha mwalimu wao bado amesimama biroo, ameinamisha kichwa.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Watu wa Matope walipoingia, watoto wa shule moja ya mjini walipiga miluzi. Fanfari ilianza. Ngoma ilienda vizuri. Didier aliinua sauti, akaibeba. Précieuse akaipokea, akaipandisha, na pale juu kabisa ikavunjika. Ilikuwa kidogo tu, kama kikombe kilichopata ufa, lakini wote walisikia. Kicheko kikatoka upande wa pili wa uwanja. Précieuse alifumba macho. Abigaël hakungoja. Aliingia kwa nguvu, akaichukua sauti ile na kuishusha mpaka mwisho.

Mwamuzi alipita polepole mbele yao akiwatazama videvu. Alisimama mbele ya Didier, aliyekuwa mrefu kuliko wote.

"Weye. Pembe tatu za pembetatu, ukizijumlisha?"

"Mia moja na makumi munane!" alipaza sauti Didier, hata mwamuzi akarudi nyuma hatua moja. Watu wakacheka, na safari hii wakapiga makofi pia.

Kwa jibu walipata alama zote. Lakini katika muziki walipitwa, na jumla ikawaweka wa pili. Kombe na safari ya Moba vilikwenda kwa shule nyingine.

Nje ya uwanja, wengine walilia. Mtoto mmoja wa shule ya mjini alipita akisema, "Mumevunja sauti! Mumevunja sauti!" Prof Alphonse alisema kwamba wangeweza kupitia njia ya nyuma ili wasikutane na watu.

"Hapana," alisema Abigaël. "Tupite barabara kubwa. Na tupige."

"Wimbo gani?" aliuliza Prof.

"Ule ule. Wote. Hata ile fasi ya juu, ya Précieuse."

Précieuse alijipangusa machozi, akaweka tarumbeta mdomoni. Wakapanga mistari yao na kushika barabara kubwa. Walipofika sokoni ile sauti ya juu ilivunjika tena. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Abigaël aliipokea, ngoma ikaendelea, na wanawake waliokuwa wakiuza mihogo walisimama kuwatazama. Wimbo ulipokwisha, waliuanza upya.

Mama Prefe Domitille, aliyekuwa ametangulia kutoka uwanjani, aliwangojea kwenye lango la shule, na wazazi wengine walikuwepo. Mama Agathe naye alikuwepo, na mikono yake bado ilinuka samaki. Prof Alphonse alisema mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyetaka kumvalisha mtu mzima nguo za shule, na kwamba mtoto alikuwa amemzuia.

"Sikilizeni, watoto," alisema Mama Prefe. "Mungerudi na kombe, ningeliweka biroo, na kila nikiliangalia ningejua mupigaji wake anaendesha moto mujini. Leo nimesikia sauti ikivunjika, na nimejua ni ya nani. Ni ya Précieuse, mwanafunzi wangu, na mwaka kesho atakuwa na pumzi zaidi. Kushindwa kwa kazi yenu wenyewe kunaacha kitu cha kurekebisha. Kushinda kwa uongo hakuachi kitu, maana hakuna alichojifunza muntu. Na muntu akiona wakubwa wake wanakosea, aseme kwa heshima, lakini aseme. Kesho, wa mwaka wa saba wanaotaka kujifunza tarumbeta waje kwa Prof."

Didier alimgeukia Abigaël. "Kumbe ngoma hutabeba tena. Nilikuwa nishaandaa fimbo."

"Beba weye," alisema Abigaël.

Watoto wadogo walikuwa wameshajaa langoni, wakiomba kusikia. Prof Alphonse aliinua mkono. Didier alivuta pumzi, Précieuse akasogea karibu yake, Abigaël akasimama wa tatu, wakaanza tena kutoka mwanzo.