Uvimbe Mdogo wa Télesphore

Katika Bukavu ya mwaka wa 1954, wajenzi wa majumba ya Wazungu kule Nguba walilala Kadutu, mtaa wa Weusi, kwenye matope. Télesphore alikuwa mmoja wao, fundi wa matofali mwenye mkono ulionyooka kuliko uzi. Asubuhi alishuka kujenga madirisha yanayotazama ziwa. Jioni alipanda kurudi kwenye nyumba isiyo na dirisha hata moja, mkewe Adèle akimngoja na bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mwezi wa saba alianza kuacha chakula kwenye sahani.

“Papa Colombe, bugali imekosa nini?” Adèle aliuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Haina kosa. Tumbo tu inanikata.”

Kila Jumamosi walijisafisha tumbo, kama nyumba nyingi za kwao. Majani yalichemshwa, pilipili mbili zikapondwa ndani, maji yakaingizwa kwa nyuma kwa kibuyu kidogo. Ndivyo mama zao walivyofanya. Basi Télesphore alipoona damu chooni, alicheka tu.

“Ni pilipili yako, Adèle. Unataka kuniua?”

Akatia pilipili moja. Damu ikaja. Akaacha pilipili kabisa. Damu ikaja tena, imechanganyika na mavi na ute. Sasa haikuwa mzaha tena, akaificha. Mwanaume aseme habari za choo mbele ya mke? Heri afe. Na kifo kilikuwa kinamsikiliza.

Adèle aliiona damu alipofua kaptula. Hakupiga kelele. Alivuka uwanja mpaka kwa jirani yao Venant, muuguzi wa hospitali ya Weusi. Kazi yake ilikuwa kushika beseni daktari anapopasua.

“Tangu lini?”

“Miezi mbili.”

“Kesho alfajiri aje. Na pilipili muiache mu mboga.”

Daktari alimpima kwa kidole, kisha kwa bomba lenye taa, akakata kinyama cha kuchunguza. Akaongea Kifaransa na mtawa juu ya mgongo wa Télesphore, kama watu wanaoongea juu ya meza. Mwenye mgongo hakuambiwa kitu. Ila neno moja alilijua: petit. Kidogo! Alirudi nyumbani akiimba.

“Ya Honoré ilikuwa uyoga muzima, na leo anabeba matofali. Yangu nitaimaliza na kasiksi!”

Honoré, kaka yake, alikuwa pale na kibuyu cha hiyo pombe ya ndizi. Mwaka uliopita alikuwa ametolewa utumboni uvimbe mkubwa, wenye umbo la uyoga.

“Hata ugonjwa, weye unapata ya kitoto!” alimtania.

Siku ya tano, majibu ya kinyama yalifika. Venant aliyaleta mwenyewe, na hakucheka.

“Ni kansa, Télesphore. Weye ni fundi. Uyoga ukiota ku ukuta, unauona mukubwa, lakini uko inje. Unaukwangua, ukuta unabakia. Na ukiona ufa mudogo, unasema nini?”

Télesphore alipitisha kidole ukutani. “Nasema nione unafika wapi.”

“Basi. Ya Honoré iliota na kikonyo, ikaelekea mu njia ya chakula. Yako iko bapa. Katikati imechimbika kama kidonda, kando imeinuka. Umbo kama ile, mara mingi inachimba ukuta ya utumbo. Inazunguka kama pete mpaka njia inafungwa.”

“Kumbe uyoga haina hatari?” Adèle aliuliza.

“Hapana, mama. Uyoga nao unaweza kugeuka kansa, ndiyo maana unakatwa. Na umbo haisemi yote, ni lazima kuangalia kinyama na darubini. Lakini musipime kwa ukubwa. Muulize imeingia mpaka wapi.”

Honoré, aliyekuwa amekuja tena na pombe, aliweka kibuyu chini.

Kupasuliwa kulitaka karatasi ya mwajiri. Mtu mweusi aliyeacha kazi bila karatasi alifungwa. Bwana wa kazi, Mbelgiji, alisoma barua ya daktari, akairudisha.

“Wameandika ni kidogo. Kidogo inaweza kungoja paa.”

Paa likangoja mbao, mbao zikangoja lori, Télesphore akangoja vyote. Wiki saba. Leo watu wanasema tusahau, yamepita. Asahau nani? Adèle aliona choo cha mumewe kikitoka chembamba kama kamba, kisha hakitoki kabisa. Tumbo likavimba. Hapo akabebwa kwenye machela, karatasi iwepo isiwepo.

Venant alitoka chumba cha kupasulia na beseni lililofunikwa.

“Iko pana kama kizibo cha chupa, mama Colombe. Kizibo tu. Lakini imetoboa ukuta, na mbegu zake zimejaa mu ini.”

Télesphore alizikwa kabla ya Noeli. Nyumba ya Nguba ilikuwa na paa.

Venant hakungoja matanga yaishe, alimvuta Honoré kando. Aliyewahi kuota uyoga arudi kupimwa, na nduguye akifa kwa kansa ya utumbo, asikawie hata siku. Alipimwa. Kidonda bapa kilionekana, kama punje ya harage. Daktari akaandika barua nyingine.

Honoré alitaka kwenda peke yake ofisini kwa Mbelgiji yule yule, kofia mkononi. Adèle alimzuia.

“Muntu mumoja wanamukatalia. Tutaenda wote.”

Asubuhi iliyofuata mafundi kumi na mmoja hawakupanda jukwaa la ujenzi. Waliingia ofisini na miiko ya saruji mikononi, Adèle mbele, kitambaa cheusi kichwani.

“Mnataka nini?” bwana wa kazi aliuliza.

“Kalamu yako,” alisema Adèle.

Mbelgiji alitazama miiko. Alitazama saruji iliyokuwa inakauka nje ndani ya toroli. Akasaini. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Télesphore alinyimwa muda huo.

Honoré alipasuliwa Alhamisi. Mizizi ya kidonda haikuwa imevuka ukuta wa utumbo, naye akarudi kazini mwezi wa nne. Tangu hapo, kwenye kazi ile, anayeona damu chooni anasema asubuhi mbele ya wote, bila aibu. Na barua yake ya daktari hupelekwa ofisini na wote.